Kipimo cha Giza

Zahanati, Jumanne, tarehe 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimeitanguliza kabisa, maana najua ukishaziona namba hutasoma kitu kingine. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu wewe wifi yake, na anauliza sufuria lake uliondoka nalo la nini.

Kazi naifanya ulivyonielekeza. Kila siku saa moja asubuhi, kabla mtoto yeyote hajaletwa, nafunga kifuniko cha mashine, nazima ile taa ya buluu, nahesabu sekunde kumi kisha nasoma voltimita. Jicho la mashine, lile linalopokea mwanga, likiwa gizani halitakiwi kuona kitu. Ulisema kipimo cha giza kisizidi milivolti tano, na kikizidi mashine isimame, damu zote ziletwe kwako huko hospitali kuu kwa gari la sampuli. Basi, kuanzia Jumatatu ya juma lililopita mpaka leo: nne, nne, nne, nne, nne, nne, tatu, nne, nne. Tatu ni ya Jumapili.

Mkunga Mkuu amefurahi. Kila akija mgeni anamleta chumbani kwangu na kumwonyesha. Anasema, "Mwanga unapita kwenye maji ya damu ya mtoto. Mtoto mwenye umanjano damu yake inaumeza mwanga, unaotoka upande wa pili ni kidogo. Mashine ikisema zaidi ya mia nne, mtoto aende kwao. Ikisema chini ya mia nne, haendi popote mpaka daktari amwone." Halafu ananishika bega: "Na aliyeiunga ni huyu hapa. Miaka kumi na saba. Haongei, lakini tazama mikono yake." Mimi hapo nageuka kutazama ukuta. Wamelijua na lile jina la utani la Spika, dereva wako ana domo. Wananiita hivyo mpaka wanaofagia.

Mvua zimeanza. Asubuhi wanapiga deki ukumbi wote na maji yanachelewa kukauka, dirisha la chumba changu linatoka jasho. Nataka kuuliza kitu, ni swali tu la kujifunza. Kama mashine ya mtu ingekuwa inapanda kidogo asubuhi, halafu ikifika mchana inashuka, je, lazima liwe kosa la aliyeiunga? Au vyombo vina tabia zake?

Shuleni haya yote tuliyasoma kwa lugha ile nyingine, na hata sasa nikihesabu zile sekunde kumi nazihesabu kwa lugha hiyo. Kuogopa tu ndiko ninakofanya kwa hii yetu.

Ni mimi mwanao,
Spika


Karakana ya vyombo, hospitali kuu, Ijumaa, tarehe 6 Machi

Spika wangu,

Marahaba. Sufuria lipo, linachemshia maji ya kusafishia bodi za mashine. Mwambie wifi asahau.

Namba zako nimeziona. Zimejipanga kama askari wa gwaride. Mimi nina mashine kama hiyo hapa mezani, pacha wa yako, nimeifunika blanketi jeusi kama mgonjwa, na wiki hii imenipa tatu, tano, mbili, nne, tatu. Vyombo havinyamazi namna hiyo, mwanangu. Hata wewe unayesifiwa kwa kunyamaza huwa unakohoa.

Sikushutumu. Swali lako la kujifunza nalijibu kwa urefu.

Jicho la mashine linatoa umeme mdogo mno. Tunaukusanya kwenye kapasita kwa sekunde kumi kama unavyokinga matone kwenye kikombe, halafu tunapima kikombe kimejaa kiasi gani. Sasa, kukiwa na njia nyingine yoyote ya umeme kufika kikombeni bila kupitia jicho, hata njia ambayo macho hayaioni, kikombe kitajaa na giza likiwa giza. Huo ndio mvujo. Mashine haina akili ya kujua tone hili limetoka wapi. Itasema ni mwanga.

Kuna wezi wawili, na kila mmoja ana saa yake. Jicho lenyewe huvuja likipata joto, kwa hiyo lingepanda mchana. Uso wa bodi huvuja ukiwa na unyevu au uchafu: mafuta ya vidole, ute wa solda, vumbi. Huo hupanda asubuhi, wakati wa deki na mvua. Mashine ya "mtu" wako ulisema inapanda lini?

Fanya hivi. Pima saa moja asubuhi na saa nane mchana, siku tatu, uandike unachokiona. Kisha fungua kifuniko cha nyuma, chukua mrija wa kunywea soda, uipumulie bodi polepole pale mguu wa jicho unapoungana na chipu. Namba ikiruka, mwizi umemshika shati.

Mkunga asitumie mashine mpaka umalize. Mwambie. Kusema hakuui.

Shangazi yako


Zahanati, Ijumaa, tarehe 6 Machi

Kwa Fundi Mkuu wa vyombo,

Salaam. Nimesema nikuandikie mstari mmoja gari likiwa linapakia, kabla sijaitwa tena kwenye chumba cha kujifungulia.

Dada, umetupa raha. Kabla ya mashine yako, katika kila watoto kumi niliotuma damu zao huko kwenu, wawili au watatu jibu lilirudi kwamba wabaki. Mama analala hapa siku mbili akisubiri jibu, mume analalamika, vitanda havitoshi. Wiki mbili hizi nimepima watoto kumi na saba na nimembakiza mmoja tu. Wengine wote wameondoka siku hiyo hiyo. Naona na maji safi tuliyovutiwa yamesaidia watoto kuwa na afya.

Huyu binti yenu ni lulu. Ana aibu kupita kiasi, ukimsemesha anajibu kwa kope, lakini karatasi yake ya kila asubuhi iko safi, haina hata palipofutwa. Tuachieni hapa hata akirudi shule, aje likizo.

Mkunga Mkuu


Zahanati, Jumanne, tarehe 10 Machi

Shangazi,

Jana ulipopiga simu ukaniuliza, "Kipimo cha giza ngapi?" nikajibu, "Nne." Ukauliza, "Umepumulia?" nikajibu, "Ndiyo, haikuruka." Mkunga Mkuu alikuwa amesimama kwenye kabati la glovu, hatua mbili kutoka nilipo. Ukasema, "Haya mwanangu, nakuamini." Ukakata.

Sio nne.

Nitaandika zote. Ile nne ya kwanza ni ya kweli, na ya pili ni ya kweli. Jumatano mvua iliponyesha ilikuwa kumi na mbili. Nikajiambia nimehesabu vibaya. Nikahesabu tena, kumi na moja. Mkunga akaingia, akasema, "Vipi, jicho limeamka salama?" na kabla sijajua nimeandika nne. Alhamisi thelathini na moja. Ijumaa sitini. Nikawa nasubiri mchana inaposhuka mpaka ishirini, nikijidanganya kwamba ishirini ni karibu na tano. Juma hili lililopita ilikuwa tisini, tisini na tano, mia na kumi. Jumamosi asubuhi, baada ya deki, mia na arobaini.

Jumamosi barua yako nilikuwa nimeshaisoma. Ililetwa kwangu Ijumaa mchana, nikaisomea chooni mara mbili. Kwa hiyo usiseme sikujua. Nilijua, na Jumamosi nikaandika nne.

Kwa nini. Nimekaa nalo hili usiku na mchana na sina jibu la kupendeza. Darasani nikijibu swali wanacheka sauti yangu kabla hawajasikia jibu. Hapa wananishika bega. Niliona mashine ikisimama na mimi nasimama. Watasema aa, kumbe.

Jana baada ya simu yako nilipumulia kweli. Namba ilikuwa themanini, nikapuliza kwa mrija pumzi moja ndogo, ikaenda mia tatu na hamsini halafu ikateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi. Pale pale uliposema, kwenye mguu wa jicho. Na hapo nikakumbuka kitu.

Siku tulipokuwa tunaunga bodi karakanani, ulinionyesha mguu upi wa jicho ni wa chipu na upi ni wa umeme. Ulionyesha haraka, simu yako ikaita ukatoka. Nilikuwa nimesahau. Ningekuuliza ungeniambia, wala usingenikasirikia, najua. Lakini nilikuwa nimeshauliza mara moja, nikaona haya kuuliza mara ya pili. Nikatazama mashine pacha yako, nikachora mshale kwa penseli kwenye bodi yangu kutoka mguu mmoja mpaka mwingine ili nisikosee nikigeuza. Nilipomaliza nikaufuta kwa ufutio wa shule. Nikaona umetoka. Nikaweka jicho juu yake.

Shuleni mwalimu wetu wa fizikia aliwahi kuwasha taa ndogo kwa mstari wa penseli. Nilipiga makofi na wengine. Sasa mimi nimechora njia ya umeme kutoka kwenye umeme mpaka kwenye kikombe, nikaifuta nusu, nikaifunika.

Hilo bado si baya kuliko yote.

Jumamosi ile alipimwa mtoto wa mshonaji, yule dada mwenye cherehani nyuma ya soko. Mtoto wake wa kwanza, wa siku tatu, na wa mwisho kupimwa mpaka leo. Mashine ilisema mia nne na hamsini. Mkunga akasema, "Haya mama, chukua kijana wako mwende." Mshonaji akacheka, akamfunga mtoto kwenye kanga, akaenda. Nilikuwa nimekaa pale pale na penseli mkononi. Mia nne na hamsini, toa mia na arobaini. Sikuhitaji karatasi. Ni mia tatu na kumi.

Leo ni siku ya tatu tangu aende. Shangazi, mpigie Mkunga. Mwambie wewe. Wewe unajua kuongea na watu. Mimi nimekwenda mlangoni kwake mara nne tangu asubuhi. Mara ya nne akaniuliza kama tumbo linaniuma, nikasema ndiyo, akanipa vidonge viwili. Ninavyo mfukoni. Barua hii itakufikia jioni, ukipiga jioni hiyo hiyo labda

Dereva anapiga honi. Jioni ni mbali, Shangazi. Nimehesabu sasa hivi ni saa ngapi mpaka jioni


Zahanati, Jumanne, tarehe 10 Machi, saa tisa na nusu

Fundi Mkuu,

Barua iliyomo humu ni yako. Nimeifungua na kuisoma mimi. Sikuiiba. Mwanao aliingia chumba cha kliniki nikiwa napima tumbo la mama mmoja, wengine ishirini wako kwenye benchi, akaninyooshea bahasha yenye jina lako. Nikamwambia, "Hii mpe dereva." Akatikisa kichwa. Nikasema, "Wewe mtoto, nina kazi." Akaichana bahasha mwenyewe mbele yangu, akanipa karatasi ya pili, kidole kwenye mstari wa mtoto wa mshonaji.

Nilimwambia dereva azime honi yake na awashe gari. Tulikwenda nyuma ya soko. Cherehani ipo, mlango umefungwa. Jirani akasema amekwenda kwa mama yake, ng'ambo ya daraja. Tukaenda. Mshonaji alikuwa uani anaanua nepi. Akanipokea kwa furaha. "Sista, umekuja kumwona? Huyu mtoto mpole sana, analala tu, hata kunyonya hataki kusumbua." Nilipomfunua alikuwa wa manjano mpaka kwenye nyayo. Nilimfinya kisigino, alilia kwa sauti nyembamba, akalala tena.

Yuko kwenye gari hili na mama yake. Nimewapigia simu wodi ya watoto wachanga wawasubiri getini. Mashine imo pia, kwenye boksi chini ya kiti. Iondoeni machoni pangu. Watoto wengine kumi na sita nawatafuta nyumba kwa nyumba kuanzia sasa; kina mama waliokuwa kwenye benchi wamegawana mitaa, wametangulia.

Sijui nitamwambia nini binti huyu. Sasa hivi amekaa kwenye ngazi na anaandika orodha ya watoto wote kumi na saba walioruhusiwa na namba zao za kweli, kwa akili yake, hajafungua daftari. Nimepita nikamrukia kama jiwe. Nikifungua mdomo nitasema neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Na wewe, dada. Mia na arobaini ilikuwa inapiga kelele kwenye chumba changu, na wewe huko na mimi hapa tulikuwa tunasifia mwandiko.

Mkunga Mkuu


Karakana ya vyombo, Ijumaa, tarehe 13 Machi

Mwanangu,

Nitaanza na unachotaka kujua. Mtoto yupo hai. Walimweka chini ya taa za buluu usiku ule ule na asubuhi wakambadilisha damu. Umanjano unashuka. Jana jioni amenyonya. Nilimwona kwa kioo. Amefungwa kitambaa machoni kama anacheza kibe cha kujificha. Daktari anasema umanjano mkali ukikaa siku nyingi unaweza kuharibu masikio, na masikio ya mtoto mchanga hayasemi. Atapimwa baada ya wiki tano. Mpaka hapo hakuna ajuaye, usimwamini atakayekupa jibu.

Katika wale kumi na sita, Mkunga amewapata wote. Wawili wamelazwa, hali zao si mbaya. Ile orodha yako ilikuwa sahihi mpaka namba ya mwisho.

Sasa mashine. Nimeling'oa jicho, nikaitazama bodi kwa kioo cha kukuzia. Mshale wako upo. Umefifia, lakini ukiinamisha taa unaung'amua unang'aa kama njia ya konokono. Niliiosha kwa spiriti na brashi, nikaisuuza kwa maji ya moto yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, humo humo kwenye sufuria la mama yako, nikaikausha siku nzima kwenye kabati la joto. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza: mguu wa jicho sikuurudisha kwenye bodi. Nimeuinua, nikauunganisha na mguu wa chipu juu kwa juu, hewani. Hewa haishiki mafuta ya vidole wala penseli ya mtu. Nimezungushia na pete ya waya pale chini ili kama kuna mvujo utakaotambaa, umalizikie kwenye pete, usifike kikombeni. Nimeipumulia mpaka kizunguzungu kikanishika. Tatu, tano, nne, mbili.

Nimelaumiwa na Mkunga na nimekubali. Nilimpa mtoto wa shule sehemu ngumu kuliko zote, nikamwonyesha haraka, nikaenda kupokea simu. Nilirudi nikaona imeungwa vizuri, nikasifu, sikupumulia. Na Jumatatu niliposhika barua ya Mkunga, mmoja kati ya kumi na saba, nilijua kuna kitu. Nikakupigia, ukasema nne, nikashukuru kwa sababu nilitaka iwe nne. Kwa hiyo penseli tugawane, nusu yako nusu yangu. Nne ni yako nzima.

Mshonaji anatoka na mtoto Jumatano. Ameniuliza mashine ilikosea vipi. Nilimwambia yupo mtu atakayekuja kumweleza. Usinitume mimi tena.

Shangazi yako


Zahanati, Jumanne, tarehe 24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mashine imefika na inafanya kazi. Mkunga Mkuu aliikataa siku mbili, ikakaa kwenye boksi mlangoni watu wakijikwaa. Siku ya tatu akasema itaingia kwa sharti moja. "Karatasi zako sizitaki. Mimi nikiwa nimesimama pale na wauguzi wako pale, kila asubuhi, utanisomea kwa mdomo. Sitaki kuisoma. Nataka kuisikia." Asubuhi ya kwanza nilisema "mbili" na hakuna aliyesikia. Nikarudia. Muuguzi mmoja akasema, "Spika, ongeza sauti, betri imekwisha?" wakacheka, na mimi nikasema "mbili" kwa nguvu kupita kiasi mpaka mtoto chumba cha pili akaamka. Mkunga hakucheka. Akaandika yeye. Hajanishika bega tena, na sidhani atanishika.

Kwa mshonaji nilikwenda Jumapili. Mkunga alinisindikiza mpaka darajani akasema, "Mimi naishia hapa."

Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Nilipofika nikamnyooshea. Akaitazama, akasema mikono yake imejaa, nisome. Alikuwa amembeba mtoto bega hili, mkono mwingine unashika chupa. Kwa hiyo nikasoma. Nilipofika penye "nilijua na nikaandika nne" sauti ikakatika, nikarudia sentensi toka mwanzo kwa sababu niliona nikiiruka itakuwa nne nyingine.

Hakupiga kelele. Mama yake ndiye aliyenitukana kutoka jikoni, na nilimwona ana haki. Mshonaji aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Nilipokuwa namfunga kanga, wewe ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. La pili: "Ulikuwa unanitazama?" Nikasema nilikuwa natazama kanga, ina maua mekundu. Mtoto akacheua.

Halafu akasema, "Tarehe kumi na saba mwezi ujao anapimwa masikio. Utakuja. Utakaa kwenye benchi pamoja nami mpaka mlango ufunguke. Sikuiti unifariji. Nataka na wewe usubiri."

Nitakuja na gari la sampuli, Shangazi. Usinipokee getini.

Spika


Benchi la ghorofa ya pili, hospitali kuu, Ijumaa, tarehe 17 Aprili

Shangazi,

Uko ghorofa ya chini, ningeshuka ngazi tu nikakueleza, lakini mshonaji amesema tusiondoke hapa mpaka wamalize kuandika kadi. Kwa hiyo naandika gotini.

Tumesubiri tangu saa nne. Hakunisemesha njiani wala hapa, ila mara moja aliniambia nimshikie mfuko. Mtoto amenenepa. Kila mlango ukigongwa ninamtazama kama atashtuka. Mshonaji naye anamtazama hivyo hivyo, halafu tunakwepana macho. Mtoto alikuwa amelala, mlango ukagongwa, hakushtuka. Mwingine ukagongwa, akakunja uso. Sijui ni mlango au ni tumbo.

Walipotuita tukaingia wote watatu. Mpimaji ni kijana wa miwani, ana haraka. Kifaa chake ni kidogo, kinaingia sikioni kama kizibo, kinatoa sauti halafu kinasikiliza sikio linajibu nini. Alikuwa ameshakishika karibu na sikio la mtoto. Nikaona hakuna karatasi yoyote ukutani ya kipimo cha asubuhi. Nikajiambia nyamaza, huyu ni mtaalamu, hapa si kwenu.

Nikasema, "Samahani kaka. Kifaa hicho mmekikagua leo?"

Akageuka. "Wewe ni nani kwa mtoto?"

Hakuna neno la kile nilicho kwa mtoto huyu, kwa lugha yoyote kati ya zangu mbili.

Mshonaji akasema, bila kunitazama, "Mjibu kwanza alichouliza."

Yule kijana akavuta pumzi. Akasema kwa kweli leo bado, mgonjwa wa kwanza alikuwa na dharura. Akatoa kikopo kidogo kwenye droo, akachomeka kifaa ndani yake, pakiwa kimya, hakuna sikio. Kikasoma. Kikakataa. Akakifungua, akatoa ile ncha, kulikuwa na nta ya sikio la mtu mwingine imeziba tundu. Akaweka ncha mpya, akarudia, kikakubali. Hakusema asante, na masikio yake yakawa mekundu. Nilimhurumia sana, Shangazi.

Sikio la kulia limepita. La kushoto limejibu, lakini kwa udhaifu. Amesema inaweza kuwa maji tu, watoto wengi huwa nayo, inaweza pia kuwa kile tunachokiogopa. Kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili. Mshonaji akauliza, "Kwa kifaa hiki hiki?" Akasema ndiyo. Mshonaji akasema, "Basi siku hiyo mkikague tukiwa tumekaa hapa." Sasa amekaa pembeni yangu anamnyonyesha, na ananiuliza wiki mbili ni tarehe ngapi. Nimemwambia tarehe moja Mei. Ameniambia niiandike kwenye kadi, mwandiko wangu unasomeka.

Ninalia kidogo lakini haionekani, nimeinamia karatasi.

Jambo la mwisho, la kazi. Usiku wa jana mvua ilinyesha, na kipimo cha giza cha leo kilikuwa sita. Nilirudia, sita. Nikasubiri nusu saa, nikarudia, sita. Nilimtangazia Mkunga mbele ya wauguzi wote, mmoja akaguna, "Aa, kwa moja tu?" Mkunga akaitazama foleni ya kina mama, akanitazama mimi, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake.

Damu za watoto wanne wa leo ziko kwenye boksi la dereva, getini. Mama zao wamebaki zahanati wanasubiri. Toka uzipokee.

Spika